Karatasi za Chini ya Godoro

Mwaka mzima mume wangu ni dereva wa lori. Januari ikiingia hujiapisha kuwa Waziri wa Fedha, na haondoki wizarani hadi tarehe 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi hapa Marekani. Wizara yenyewe ni meza yetu ya chakula, kwenye ghorofa tunayopanga Fort Worth, Texas. Vyombo huhamishwa, kitambaa hukunjwa, na sisi wengine tunakula makande sahani zikiwa mapajani. Zamani aliwahi kuwa karani wa uhasibu katika kiwanda kimoja cha mbao kule Tanga, kwa hiyo kwake kumlipa mtu amjazie fomu ni kutupa pesa mchana kweupe.

Miaka ya nyuma wizara haikuwa na kazi. Kulikuwa na fomu mbili za mishahara, W-2, yake ya lori na yangu ya kutunza wazee, anabonyeza hapa, anabonyeza pale, kwisha. Safari hii kulikuwa na Junia.

Junia aliletwa kwetu na wakala wa malezi Septemba 2024, akiwa na miaka sita, mfuko mweusi wa taka uliojaa nguo, na kiatu cha mguu mmoja. Ritani ya mwaka ule hatukumwandika, tukidhani kwamba miezi minne aliyolala kwetu haitoshi. Novemba 2025 jaji alimfanya mtoto wetu kisheria, tukapiga picha na jaji, tukala keki. Desemba akaja mama mkwe kutoka Lushoto kumwona mjukuu, akapokelewa uwanja wa ndege kwa "Shikamoo Bibi" yenye lafudhi ya Texas, akalia palepale kwenye mikanda ya mizigo.

Basi Januari Baba Junia akafungua kikao. Jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua posho zote za malezi tulizopokea mwezi hadi mwezi tangu Januari hadi Novemba, akazijumlisha, akaziandika kama kipato. Programu ya kompyuta ikapiga hesabu, ikatuambia tunadaiwa.

"Mama Junia," akaniita kwa sauti ya msiba, "tumekula pesa ya serikali bila kuilipia kodi."

Usiku ule hakula. Alikaa na kalkuleta akipunguza matumizi ya nyumba: ving'amuzi viondoke, nyama iwe Jumapili tu, hata mimi nikaona naangaliwa kwa jicho la bajeti. Asubuhi nikampigia simu afisa ustawi aliyekuwa akimfuatilia Junia. Akacheka kwa huruma. Posho ya kumlea mtoto aliyewekwa kwako na serikali, au na wakala aliyeruhusiwa kuweka watoto, si kipato mbele ya kodi. Haiandikwi kwenye ritani. Hata ile nyongeza wanayopewa walezi wa watoto wenye ulemavu wanaohitaji uangalizi wa ziada haihesabiwi, ilimradi idadi ya watoto nyumbani isivuke kikomo cha sheria. Nikampelekea Waziri taarifa. Akafuta ule mstari bila kusema neno, akaomba chai. Nyama ikarudi.

Laiti angeishia hapo. Lakini alipokuwa akifuta alikutana na fomu namba 8839, ya watu walioasili watoto, akaona tarakimu: dola 17,280 kwa mtoto mmoja kwa mwaka 2025. Nikasikia kiti kinaanguka.

Hapo ndipo maji yalipozidi unga. Kabla hajasoma ukurasa wa pili, Baba Junia alishaigeuza ile tarakimu kuwa shilingi, akapata zaidi ya milioni arobaini, na alishampigia kaka yake Lushoto. Nyumba ya mama iezekwe upya kwa mabati ya rangi. Tanki la maji linunuliwe. Shemeji yangu mdogo akaahidiwa pikipiki. Mama mkwe alikuwa jikoni akichambua maharage, masikio yote sebuleni, na jioni dada zake wote wanne walikuwa wameshajua rangi ya mabati.

Nilimtafuta dada mmoja Mkenya mwenye leseni ya kushughulikia kodi, tunasali naye kanisa moja. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akakaa wizarani, Waziri akimtazama kama mkaguzi wa nje aliyeletwa na upinzani.

"Shemeji, hiyo si zawadi," alianza. "Ni nafuu. Kwanza inafuta kodi unayodaiwa. Inayobaki ndiyo tunauliza itakwenda wapi."

Akamwekea hesabu mezani. Kodi yetu ya mwaka, baada ya kuondoa nafuu ya kawaida ya mtoto ambayo kwa 2025 ni dola 2,200, ilikuwa imebaki dola 2,183. Katika zile 17,280, dola 5,000 zinarudishwa taslimu hata kama huna kodi ya kufuta. Zinabaki 12,280, na hizo kazi yake ni kufuta kodi tu. Zinafuta 2,183 zetu, na 10,097 zinahamia mwaka unaofuata, na unaofuata, kwa miaka mitano. Baada ya hapo kinachosalia kinapotea. Na hizo zilizohamishwa hazirudi taslimu kamwe.

"Kwa hiyo za mabati ni ngapi?" akauliza mama mkwe kutoka jikoni.

"Elfu tano, Mama. Pamoja na ile kodi waliyokatwa kwenye mishahara, nayo itarudi."

Kimya. Kisha, "Na pikipiki?"

Hakuna aliyejibu. Na kusema kweli hata hizo elfu tano ni bahati ya mwaka. Zilikuja na sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025. Ukiacha miaka ya 2010 na 2011, nafuu hii kwa muda mrefu ilikuwa haimrudishii mtu senti moja zaidi ya kodi yake. Maana yake ni kwamba familia yenye kipato kidogo, ambayo kodi yake tayari ni sifuri, ilikuwa ikitazama maelfu hayo kupitia dirisha. Kwangu hilo lilikuwa kosa la miaka mingi, kwa sababu watu wanaochukua watoto kutoka kwenye malezi ya serikali si matajiri.

Dada akauliza swali lililotuponza. "Mlitumia kiasi gani kumwasili?"

Hatukutumia kitu cha maana. Kuasili kupitia serikali si sawa na kupitia wakala binafsi, ambako watu hulipa maelfu kwa maelfu. Baba Junia akaanza kutoka jasho, akaanza hata kuhesabu keki. Dada akamtuliza. Kama jimbo limemtambua mtoto kuwa mwenye mahitaji maalumu, mzazi anaruhusiwa kudai nafuu yote hata kama hakutumia dola moja, katika mwaka ule mahakama ilipokamilisha.

Mama mkwe akaja sebuleni na ungo wake. "Mahitaji maalumu yapi? Mtoto huyu jana amenishinda mbio hadi dukani!"

Ikabidi aelezwe. Serikali haisemi mtoto ni mgonjwa. Inasema ni mtoto ambaye hawezi kurudi kwa wazazi wake, na ambaye bila msaada si rahisi apate watu wa kumchukua. Hapa Texas, mtoto akishafikisha miaka sita, umri peke yake unatosha, kwa sababu watu wengi wanataka vichanga. Ndugu wanaoasiliwa pamoja nao huingia humo. Mama mkwe alisikiliza, akamtazama Junia aliyekuwa akichora gari sakafuni. "Miaka sita wanamwona mzee," akasema, akarudi jikoni, na maharage yale yalichambuliwa kwa hasira.

"Sasa," dada akasema, "nioneshe mkataba wenu wa msaada wa kuasili, mliosaini na jimbo kabla ya mahakama. Huo ndio ushahidi. Bila ushahidi, mbele ya IRS, mamlaka ya kodi ya hapa, hamkutumia kitu na hamdai kitu."

Baba Junia akainua kidole. Hilo alikuwa nalo. Karatasi zote za mtoto, hukumu ya mahakama, mkataba, barua ya wakala, kadi za kliniki, ripoti za shule, zilikuwa mahali salama kuliko benki: chini ya godoro la Junia. Karatasi za mtoto zikae na mtoto, ndiyo ilikuwa sera ya wizara. Tukakubaliana zitolewe Jumamosi, akirudi safari.

Jumamosi ile ilikuwa ya Machi, na anayeijua Texas ya Machi anajua upepo wake. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Usiku Junia alikuwa amekojoa kitandani, jambo linalomtokea akiota ndoto mbaya, nasi hatulifanyi habari. Mama mkwe naye hakulifanya habari. Alimwogesha, akambadilisha, akamwambia kwamba baba yake huyu anayejiona waziri alikojoa hadi darasa la tatu. Halafu akafanya kile ambacho mama yeyote wa Lushoto angefanya. Alilibeba godoro, akafungua mlango wa roshani, akalisimamisha kwenye ukingo, ghorofa ya pili, lipigwe na jua.

Nilichoona mimi ni muhuri wa mahakama ukipita mbele ya dirisha la jikoni.

Nikadhani macho. Ukafuata ukurasa wa ripoti ya shule, kisha kadi ya chanjo, kisha kundi zima likapanda juu, likageuka, likateremkia kwenye maegesho. "Baba Junia! Mtoto anaruka!" nilipiga kelele, na majirani wawili wakatoka wakidhani balaa kubwa. Waziri wa Fedha alishuka ngazi akiwa na kikoi na kandambili moja. Junia alimfuata akiruka kwa furaha, maana kwake huo ulikuwa mchezo bora kuwahi kuchezwa na familia hii, na ndiye aliyeikamata hukumu ya mahakama, akaikanyaga kwanza kisha akaiinua: "Nimepata moja!" Baba yake alikuwa kifudifudi chini ya gari la watu.

Aliyetuokoa zaidi ni Mama Furaha wa chini, Mkongo kutoka Kivu ya Kusini, aliyeishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Texas. Alikuwa anatoka kufua. Aliweka kikapu chini, akatandaza shuka upande upepo unakoelekea, akasimama nayo wima, na karatasi zikaja zenyewe. Tulipozihesabu mezani zote zilikuwepo isipokuwa moja. Mkataba.

Tukapekua vichaka vya maua. Tukapekua pipa la taka. Baba Junia aliketi kwenye ngazi, kikoi kina oili, akisema polepole, "Elfu kumi na saba. Elfu kumi na saba." Juu, mama mkwe, ambaye hakuona sababu ya mtu kuacha kazi katikati, aligeuza godoro apigishe jua upande wa pili. Akaita.

Mkataba ulikuwa pale. Mkojo ulikuwa umepenya godoro, ukaigandisha karatasi kwenye kitambaa cha chini, na upepo wote ule wa Texas haukuiweza. Tuliibandua kwa kisu cha siagi. Ilikuwa na ramani ya njano kuanzia kona hadi kona, lakini saini ya jimbo ilisomeka, na zetu zilisomeka. Junia akaambiwa na bibi yake kwamba ameokoa nyumba. Usiku ule alilala akiwa na cheo.

Mama Furaha alibaki kunywa chai, na hapo kisa kikageuka, maana alikuwa na swali lake. Analea msichana wa miaka tisa, mtoto wa binamu yake aliyefariki kambini. "Huyu mutoto nilimupokea akiwa na wiki mbili," alisema. "Hajui mama mwingine." Kila mwaka anamwandika kwenye ritani, na kila mwaka anapata dola 500 tu, wakati jirani mwenye mtoto wa rika lile anapata elfu mbili na ushei. Je, anaibiwa?

Dada Mkenya, tuliyempigia simu kumpa habari za mkojo, alimjibu kwa utaratibu. Haibiwi. Sheria ya kodi ina orodha yake ya ndugu. Mtoto wako yumo. Mjukuu yumo. Mdogo wako yumo, na watoto wa kaka na dada zako wamo, hata bila karatasi ya mahakama. Binamu hayumo, wala mtoto wake. Kwa hiyo msichana yule, mbele ya IRS, ni mtu anayeishi kwako mwaka mzima na kulishwa nawe. Nafuu yake ni ile ndogo ya dola 500, na Mama Furaha hawezi hata kujiandika kuwa mkuu wa kaya kwa ajili yake.

"Binamu si ndugu?" Mama mkwe aliweka kikombe chini. Kwao Lushoto mtoto wa binamu anakula sahani moja na wewe na anakurithi ukifa vibaya. Sikumjibu, kwa sababu hata mimi naona orodha ile iliandikwa na watu waliolelewa na wazazi wawili na mbwa.

Lakini pana mlango. Mtoto akikabidhiwa kwako kwa agizo la mahakama, au na wakala wa kuweka watoto aliyeruhusiwa, sheria inamhesabu kuwa mtoto wako wa kulea, awe wa binamu, wa rafiki, au wa mtu usiyemjua. Akishakaa nawe zaidi ya nusu ya mwaka, akiwa na namba yake ya hifadhi ya jamii, na hajafikisha miaka 17 mwisho wa mwaka, anaingia kwenye nafuu ile kubwa. Mama Furaha alikuwa hajawahi kwenda mahakamani kwa ajili ya yule binti. Hakuna aliyemwambia. Alipokuja Marekani kila fomu ya kuingia ilimuuliza, "Ni nani wako?" akaandika "mtoto wangu", na kwa miaka yote wakamwacha hivyo.

Tulituma ritani wiki iliyofuata. Ikarudi siku ileile. Baba Junia alikuwa ameandika jina jipya la Junia, la ukoo wetu, kama lilivyo kwenye hukumu. Ofisi ya hifadhi ya jamii ilikuwa bado ina la zamani. Majina yasipolingana na kadi, mashine inakataa. Tukaandika la kwenye kadi, tukapanga siku ya kwenda kubadilisha, tukatuma tena.

Ikarudi tena. Sasa sababu ilikuwa nzito: namba ya mtoto imeshatumika. Mtu fulani wa upande aliozaliwa Junia alikuwa amemwandika kwenye ritani yake, pengine kwa mazoea ya miaka ya nyuma. Mume wangu alitaka tutafute ni nani. Nikakataa katakata. Junia ana watu huko, na atakuja kuwauliza mwenyewe akikua. Sitaki wakutane na kesi ya kodi katikati.

Wala haikuhitajika. Zamani ungechapisha ritani, ukaituma kwa posta na kungoja miezi. Tangu msimu wa 2025, ukiwa na namba ya siri ya utambulisho unayopewa na IRS yenyewe, tarakimu sita ambazo hubadilika kila mwaka, ritani ya kompyuta inapokelewa hata kama mtoto ameshaandikwa kwingine. Tuliipata kupitia akaunti yao ya mtandaoni. Ritani ikapokelewa. IRS inaweza kutuma barua kwa pande zote mbili, kila mmoja akiambiwa ajikague, na ikifika hatua ya ushahidi, tunazo: hukumu, barua ya wakala, ripoti ya shule na kadi ya kliniki zenye anwani yetu. Zimekunjamana, moja ina alama ya kiatu cha Junia.

Pesa ziliingia Aprili, dola elfu tisa na kitu, kodi tuliyokatwa pamoja na zile elfu tano. Mabati ya Lushoto yamenunuliwa, ya kijivu, si ya rangi. Tanki litasubiri. Pikipiki haizungumzwi mezani. Usimamizi wa ghorofa ulituandikia kwamba ni marufuku kuanika godoro kwenye roshani, na mama mkwe, aliyetafsiriwa barua ile neno kwa neno, aliuliza kama Wamarekani hawakojoi.

Mama Furaha ameshaonana na mwanasheria wa msaada kuhusu yule binti.

Na wewe unayesoma, kama uliasili mtoto kupitia malezi ya serikali miaka michache iliyopita ukaacha kudai kwa sababu hukutumia pesa, rudi nyuma ukatazame. Waliokamilisha 2023 kikomo chao kilikuwa dola 15,950, na wa 2024 dola 16,810. Nafuu za miaka hiyo hazileti taslimu zaidi ya kodi yako, lakini zinafuta kodi uliyokwisha kulipa, na masalio yanahamia mbele. Ritani ya zamani inarekebishwa kwa fomu 1040-X, na kwa kawaida una miaka mitatu tangu ulipoiwasilisha. Mkataba wako na jimbo ukiwa umepotea, mpigie afisa ustawi uombe nakala sasa, usingoje Januari.